Mwimbaji wa "Chai ya Pili"

Sehemu ya Tisa

"Huyu siye."

Mzee Revelian aliyasema maneno hayo akiwa ameelekeza sikio kwenye pazia, mikono yote miwili juu ya fimbo yake. Hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipoisha wiki iliyopita. Leo hatupotezi muda.

Kwa aliyeingia sasa, mambo yako hivi. Nyuma ya pazia hilo, katika nyumba moja ya Tabata, yupo Bi Badriya, mjane wa marehemu Zahor aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Yuko eda, hatakiwi kuonekana na wanaume wa nje. Akiwa msichana wa miaka kumi na tisa aliimba santuri moja iliyoitwa Chai ya Pili. Baada ya hapo akaolewa, akanyamaza. Sasa santuri hiyo inatolewa upya, na jina litakalochapwa kwenye jalada lake ni la mwanamke mwingine kabisa, Eufrazia wa Wazo. Majalada yanaanza kuchapwa jioni ya leo. Katika bendi nzima aliyebaki hai ni huyu mzee, mpiga besi, aliyetolewa kwake Mbezi Luis ili aje kusikia sauti na kutoa jibu.

Na jibu ndilo hilo.

"Dada Lujain, mie nilikwambia mapema," alisema Godlisten, kijana mwenye kampuni inayoitoa santuri hiyo. Alikwisha simama. "Hii ishu tuifunge tu. Mama Eufrazia kaimba nyimbo zote nane mbele yangu, hakukosea hata neno. Braza wa majalada kashanipigia mara ya tatu."

"Hakuna kufunga." Lujain, binti wa Badriya, alimgeukia mzee. "Babu, umesikia nini hasa?"

"Nimesikia mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watoto kaa chini. Yule binti wetu hakuwahi kumwambia hata paka akae chini."

Nyuma ya pazia mtu alisonya. Msonyo mrefu, wa nguvu.

Lujain aliingia ndani. Mama yake alikuwa ameketi juu ya godoro, mgongo ukutani, nguo nyeupe mpaka vidoleni. Karibu kabisa na pazia, juu ya kigoda, aliketi Shangazi Shaima, dada wa marehemu, kidevu juu.

"Shangazi! Ni wewe uliyekuwa unamjibu?"

"Ulitaka ajibu nani? Mwanamume wa nje anauliza, mjane yuko eda, wifi yupo. Kazi ya wifi ndiyo hiyo. Kauliza 'wanikumbuka?', mama yako kaitikia kwa kichwa, nami nikasema nakukumbuka. Kuna uongo hapo?"

"Anatafuta sauti ya mama!"

"Hakusema. Kasema anataka jibu. Jibu kapewa."

Ndiyo hivyo. Familia nzima ya marehemu Zahor ingeona jambo hilo ni sawa, na mzee wa Kihaya anayesali kanisani asingeweza kulijua hata angekaa nje ya pazia lile mpaka Krismasi. Lujain alitoka akaeleza. Mzee Revelian alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi masikio yangu hayajafa bado."

"Kwa hiyo mama mwenyewe aongee," Godlisten alisema. "Maneno mawili matatu."

"Lujain," sauti ilitoka ndani, nyembamba, bila kupanda wala kushuka. "Wape chai, wanywe, waende."

Mzee alifumba macho. Akatikisa kichwa.

"Siwezi kuapa. Sauti ya kuongea huzeeka. Hata ya kwangu, mke wangu angefufuka leo asingenifungulia mlango. Aimbe mstari mmoja tu, nitasema ndiyo au hapana."

"Aimbe!" Shaima alisikika ndani. "Arobaini ya kaka yangu haijafika, mnataka nyumba hii ipigwe muziki! Mzee, na mvi zako zote hizo!"

"Mama, sijasema acheze," Mzee Revelian alijibu.

"Angalau una haya ya kutosema hilo!"

Lujain alirudi ndani akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, jioni hii wanachapa. Likishachapwa jina la yule, ndiyo basi. Dunia nzima itajua ni yeye."

"Nimesikia."

"Hujali?"

Badriya alilifikiria swali hilo kama mtu aliyeulizwa bei ya mchele.

"Sijui," alisema. "Najitafuta, sijioni. Watu wanakuja, wanalia, mie nawatazama. Naletewa uji, nakunywa. Ukiniuliza ulikuwa uji wa nini, siwezi kukwambia."

Hakuwa amelia tangu mumewe afe. Majirani walishaanza kulisemea. Wengine walisema ana subira. Wengine walisema mengine, kwa sauti ya chini, huku wakisaidia kuosha sufuria.

Hata habari ya santuri aliisema hivyohivyo. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo wa zamani, mtangazaji akamsifia Eufrazia, na Badriya akasema, "Huyo ni mie." Kisha akaomba maji.

Lujain alitoa simu. "Basi sikiliza tu. Ulishawahi kuisikia?"

Hakuwahi. Waliirekodi mwisho wa mwaka sabini na sita, kanda ikapelekwa Nairobi kutengenezwa santuri, na miezi michache baadaye mpaka wa Kenya ukafungwa. Santuri zikabaki upande wa pili. Mpaka ulipofunguliwa, Badriya alikuwa na watoto watatu na mume ambaye hakuwahi kumsikia akiimba hata akiwa anafua. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Wimbo ulianza. Wengi mkisikia jazi mnafikiria dansi, magitaa na tumba. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa na piano, besi kubwa ya kusimama, ngoma zinazopigwa kwa brashi kana kwamba mtu anafagia chumba cha mgonjwa, na mbele yao wote msichana mmoja. Nyimbo zenyewe zilikuwa fupi na tamu. Mtu angeweza kuzipenda akiwa anapika, bila kujua lolote la jazi.

*Usiniulize nalala wapi,*
*niulize naota nani.*

Badriya alisikiliza hadi mwisho.

"Mtoto huyo ana sauti nzuri," alisema.

"Mama, ni wewe!"

"Najua."

Lujain alizima simu. Angetamani mama yake apige kelele, atukane, arushe kikombe. Alitoka nje akaegemea ukuta.

"Amekataa?" Godlisten aliuliza.

"Hajakataa. Hajakubali. Hayupo."

"Sista, mie naheshimu msiba. Lakini na mie nina watu wananisubiri."

"Atakunywa chai kwanza," Shaima alisema, akitoka na kanga yake kichwani, macho yakiwa juu ya wageni kama mtu anayehesabu kuku. "Nyumba hii haitoi mgeni mkavu. Hata mpiga zeze hunywa chai."

"Ni besi, mama," Mzee Revelian alisema.

"Yote yana nyuzi."

Akaenda jikoni.

Adhana ya alasiri ilikwisha lia. Ndani, Badriya aliinuka, akaswali, akarudi kuketi palepale. Kila siku baada ya alasiri alimsomea marehemu mumewe sura ya Yasini. Hakuna aliyemwambia asome siku hiyo, na hakuna aliyemwambia asisome. Wageni waliokuwa nje alikwisha wasahau. Alifumba macho, akaanza.

Haukuwa wimbo, na hakuna aliyethubutu kuuita hivyo. Ilikuwa sauti ya bibi wa miaka sitini na nane, yenye kukwaruza kidogo, ikisoma alichokijua kwa moyo tangu utotoni.

Godlisten alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu. Mzee Revelian alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu, mzee."

"Basi usipumue."

Mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini. Alisikiliza mdomo ukiwa wazi. Godlisten, ambaye biashara haimtoki akilini, aliinua simu kuelekea kwenye pazia ili arekodi. Mzee aliishusha kwa kiganja, taratibu, kama anavyoshushwa mtoto kutoka mezani.

"Hiyo si yako. Wala si yangu. Anamsomea mumewe."

Sura ilipofika mwisho, macho ya mzee yalikuwa yamelowa.

"Ni yeye," alisema.

"Kwa kusoma tu?" Lujain aliuliza, akiogopa kuamini.

"Kwa pumzi. Siku ile tulimwachia nafasi katikati ya mstari ili avute hewa, kila mwimbaji huachiwa. Hakuvuta. Alilivuka neno lote, akalifikisha mwisho, akalilaza chini polepole, ndipo akapumua. Sie tukapotea, kila mtu na njia yake. Tukamuuliza, binti, nani kakufundisha kuimba? Akasema, sikufundishwa kuimba, nimefundishwa kusoma. Chuoni, kwenye Kurani, ukikata neno katikati unachapwa. Ikabidi sie ndio tubadilike, tumfuate yeye. Ndiyo maana santuri ile haifanani na nyingine yoyote." Alipangusa macho kwa kofia. "Nimepiga na waimbaji wengi. Pumzi ile ni ya mtu mmoja."

"Na mama Eufrazia?"

"Yule alinikamata kwa maneno. Anayajua yote, hata yale ambayo mie niliyasahau. Nikajisemea, basi ni yeye, nani mwingine angeyajua?"

Shaima alitokea na sinia la chai na vitumbua. Aliwakuta wanaume wawili wamekaa wima kama wako msikitini.

"Kumetokea nini? Nani kafa tena?"

"Hakuna, shangazi. Babu kamtambua mama."

"Kaimba?"

"Kasoma Yasini."

Shaima alitafuta kosa, hakulipata, akaanza kumimina chai kwa hasira.

"Basi, mama," Godlisten alisema akilielekea pazia, sauti yake sasa ina adabu mpya. "Shikamoo. Naomba unisamehe. Naomba na jina lako kamili, nimtumie mtu wa majalada sasa hivi."

"Jina la nani?" Shaima aliweka birika chini. "Jina la mjane wa kaka yangu likae juu ya santuri, linunuliwe sokoni, lipigwe baa? Kaka aliishi naye miaka arobaini na minane, hakujua hata siku moja kwamba mkewe aliwahi kusimama mbele ya wanaume akaimba. Amekufa hajui. Mwacheni na amani yake."

Lujain aliligeukia pazia.

"Mama?" aliuliza.

"Shaima kasema kweli," Badriya alijibu ndani. "Nilinyamaza ili asijue."

"Kwa hiyo libaki la Eufrazia?" Godlisten alichanganyikiwa. "Mama, hilo siwezi tena. Nikijua ni uongo siwezi. Ngoja kwanza nimpigie."

Alipiga, akaweka sauti ya nje. Eufrazia alipokea haraka.

"Mama Eufrazia, niko Tabata. Mzee Revelian kamtambua mwimbaji. Jina lako nalitoa."

Walitegemea matusi. Kilichotoka kwenye simu ni pumzi ndefu.

"Afadhali," Eufrazia alisema. "Afadhali, mwanangu. Nimechoka kubeba mzigo wa watu. Hapo ulipo ni nyumbani kwa Mzee Zahor?"

Lujain aliinyakua simu. "Wewe unamjuaje baba yangu?"

"Pole kwa msiba, mwanangu. Nilitaka kuja kuzika, nikaogopa. Mie nilikuwa nanunua misumari dukani kwake. Siku moja nachagua, naimba-imba mapambio yangu ya kwaya. Akaacha kupima, akanitazama. Akasema, mama, sauti yako inakaribia ya mtu fulani. Baadaye redioni wakatangaza wanamtafuta mwimbaji wa santuri ile. Akanifuata huku Wazo. Akasema, nenda useme ni wewe. Nikamwambia, mzee, mie nyimbo zenyewe sizijui. Akasema, nitakufundisha."

"Baba? Akufundishe kuimba?"

"Kila Alhamisi. Alikaa hapa sebuleni kwangu, mume wangu akiwepo, anaimba mstari, mie narudia. Nikikosea anakasirika kweli. Alikuwa nayo santuri, ameiviringisha kwenye gunia la saruji. Lakini hakuihitaji, zote alizijua kwa moyo. Nikamuuliza, mzee, kwa nini usimwache huyo mwenyewe ajitokeze? Akasema, mke wangu aliamua kunyamaza. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Sitaki watu waje kumgongea mlango kabla hajataka."

Chai ilipoa.

Nyuma ya pazia Badriya alikuwa anaitazama mikono yake. Ilikuwa imelala juu ya mapaja, mmoja juu ya mwingine, kama vitu vilivyoachwa hapo na mgeni.

"Zote nane?" aliuliza.

Lujain alirudia swali kwenye simu.

"Zote, mwanangu."

"Kwa hiyo alijua," Badriya alisema. "Tangu lini, sijui. Lakini alijua."

Aliposema tena, sauti ilikuwa ileile, kavu, haina machozi, haina furaha. Ila safari hii ilikuwa inakwenda mahali.

"Godlisten, baba. Andika Badriya binti Yazid. Herufi kubwa."

"Badriya!" Shaima aliruka.

"Wifi, nilinyamaza ili asijue. Kumbe alijua. Sasa nanyamaza kwa ajili ya nani?"

Godlisten hakusubiri ndugu wakubaliane. Vidole vyake viliruka juu ya kioo cha simu ya pili, akatuma. Lujain alikaa chini palepale sakafuni. Ilikuwa imekwisha. Jina la mama yake lilikuwa linakwenda kuchapwa.

Ungedhani sasa kila mtu atakunywa chai yake aende nyumbani.

"Hamjakata?" Eufrazia aliuliza kwenye simu. "Kuna kitu kimoja kinanikera. Kijana, wewe ulinipa nyimbo nane nikuimbie, nikaimba nane. Lakini mzee alinifundisha tisa."

Mzee Revelian aliweka kikombe chini.

"Tisa? Hiyo ya tisa inasemaje?"

"Ni ya taa. Inaanza hivi." Eufrazia alikohoa, akaimba. "*Taa ya jikoni usiizime...* Loo, imenitoka. Hiyo alinifundisha mara moja tu, akashindwa kuendelea, akaomba maji."

Mzee alisimama. Fimbo ilianguka, hakuiokota.

"Wimbo huo haupo," alisema. "Haupo kwenye santuri, haupo kwenye kanda, haupo popote. Adelard aliuleta siku ile ya mwisho, mpiga piano wetu, marehemu. Nyimbo zote zilikuwa zake. Tukaupiga mara moja, tukageuka, fundi akasema kanda iliisha zamani. Haukurekodiwa. Tuliousikia ni sie wa bendi, fundi, na Badriya. Wote wamekufa, tumebaki wawili. Zahor kausikia wapi?"

"Mie sikuwahi kumwimbia," Badriya alisema.

"*Taa ya jikoni usiizime...*" Eufrazia alijaribu tena, akakwama palepale.

"*...huenda nikarudi na njaa.*"

Mstari ulimaliziwa kwa sauti ya chini, tamu, iliyonyooka. Godlisten aliligeukia pazia akitabasamu. "Mama! Umeimba!"

Lakini Lujain hakuwa anatazama pazia. Alikuwa anamtazama aliyesimama kando yake akiwa na birika mkononi.

Shangazi Shaima.

Pazia lilisogea, na Badriya akachungulia kwa jicho moja. "Wifi," aliita. "Ulikuwepo?"

Shaima aliliweka birika kwenye sinia. Alilinyoosha, akaligeuza mpini upande wa kulia, akafuta tone la chai kwa ncha ya kanga. Alipoishiwa cha kupanga, akasema.

"Niliposema kaka hajui, nilidanganya. Nilikuwa dirishani mwa studio. Kaka alinifuata anirudishe nyumbani, alipofika akakusikia wewe, akasahau alichokuja kufanya. Ndivyo ulivyopata mume."

"Na wewe ulifuata nini pale?"

"Nilifuata maneno yangu. Nilikuja nisikie kama utayaimba vizuri."

"Maneno gani ya kwako?" Mzee Revelian aliuliza, sasa amekasirika. "Mama, nyimbo zile ni za Adelard. Zote! Mwenyewe alisema ni zake."

"Marehemu Adelard alisema mengi," Shaima alijibu. "Hata mie aliniambia atanioa."